Kisiki kimoja, kazi moja: miti ya malisho na kuni nyumbani

Wengi hupanda kaliandra, mti wa malisho na kuni, kwa hamu, kisha mwaka wa pili wanalalamika: majani haba, na kuni zenyewe vijiti. Tatizo ni panga. Mti unaokatwa kila miezi miwili haunenepi, na mti ulioachwa unenepe unapeleka majani juu usikofika. Kwa hiyo kabla hujashika jembe, amua mstari upi ni wa ng'ombe na upi ni wa jiko. Naandikia zaidi watu wa mlimani, wa Kilimanjaro na Usambara. Wa Tanga na Pwani mna gilirisidia, mti mwingine wa malisho, nayo nitaigusa.

Hatua ya 1: Hesabu

Ng'ombe mmoja wa maziwa huhitaji kama miti 500 ya kaliandra ili apate kilo 6 za majani mabichi kila siku, mwaka mzima. Majaribio yaliyofanyika Embu, Kenya, miaka ya 1990 yalionyesha kuwa kilo 3 za majani hayo mabichi zinashika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani. Ni nyongeza tu lakini. Tumbo bado linajazwa na matete.

Ukipanda kwa nusu mita, miti 500 ni mita 250. Nusu ekari ya mraba ina mzunguko wa mita 180 hivi, kwa hiyo ua peke yake hautoshi. Zilizobaki panda kwenye kingo za makinga maji, sambamba na matete.

Hatua ya 2: Miche

Mbegu za kaliandra loweka kwenye maji baridi siku mbili. Za lusina, nayo ni mti wa malisho na kuni, zina ganda gumu: mimina maji yaliyotoka kuchemka, yaache yapoe, zilale humo usiku mmoja. Kwenye udongo wa viriba changanya kidogo ule wa chini ya kaliandra kubwa, maana una bakteria wanaotengeneza vinundu vya mizizi. Hamishia shambani mvua za masika zikishashika, palilia, na mbuzi wafunge.

Gilirisidia haina haja ya kitalu. Kata tawi lililokomaa, nene kama mpini wa jembe, urefu wa mita moja na nusu, lichomeke mvua zinapoanza.

Hatua ya 3: Kukata mstari wa ng'ombe

Subiri miezi 9 hadi 12. Mkato wa kwanza wa mapema unaudumaza mti, maana mizizi bado haina akiba. Kata usawa wa kiuno. Kisiki kifupi hufunikwa na magugu, machipukizi yake machanga yanakuwa mdomoni mwa mbuzi, na wewe unainama siku nzima bure.

Tumia panga kali, upige kwa mshazari kutoka chini kwenda juu. Ukipiga kwenda chini, kisiki kinapasuka na gamba linachanika hadi kwenye macho yanayotakiwa kuchipua.

Usikate mstari wote siku moja. Kata miti 8 au 9 kwa siku; ukifika mwisho, takriban miezi miwili baadaye, ya kwanza imeshafunga majani. Kiangazi chipukizi ni za polepole, basi punguza na ujazie na matete.

Kaliandra mpe ng'ombe ikiwa mbichi, siku ileile. Ikinyauka, tanini zake (kemikali zenye ukakasi) zinafanya protini isimeng'enywe vizuri. Gilirisidia ni kinyume: harufu yake mbichi inawakera, hivyo iache inyauke saa kadhaa na uinyunyizie maji ya chumvi hadi wazoee. Lusina isizidi theluthi ya mlo, na punda, nguruwe na sungura usiwape: ina sumu iitwayo mimosini, na wataanza kunyonyoka manyoya.

Hatua ya 4: Mstari wa jiko

Hapa panga lipumzike. Kaliandra au lusina iache miaka miwili au mitatu, kisha kata kwa msumeno mwisho wa kiangazi, sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, mkato uelekee upande mmoja ili maji yasituame. Mgrivea ufyeke juu, mita mbili na zaidi. Ukikatwa chini ukiwa mkubwa mara nyingi hufa. Tambarare zenye joto, mjohoro unachipua vizuri sana. Mvinje na mpaina usijaribu, haichipui. Mkaratusi unachipua sana na unakunywa sana. Usiupande karibu na kisima wala mpaka wa jirani.

Baada ya miezi miwili mitatu kisiki kitakuwa na kichaka cha machipukizi. Watu wanayaonea huruma na kuyaacha yote, ndipo yanapobaki fito. Bakiza mawili au matatu, yaliyoota imara kwenye gamba, hasa upande upepo unakotoka: upepo utayasukuma yaegemee kisiki badala ya kuyabandua. Mengine yakate, mbuzi wale.

Kuni za kaliandra ni nyembamba, hazihitaji kupasuliwa. Zipange chini ya upenu, mbali na ukuta ili upepo upite. Lusina usiiache ikaushe maganda ya mbegu mtini, la sivyo utaing'oa kwenye maharage kila msimu.