Sauti Kukatakata kwenye Seva ya Maongezi ya Kikundi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kikundi chetu cha wakulima wa parachichi kina wanachama 12 mbali na mimi, wengi wao wakiwa Rungwe na Njombe na wawili wakiwa Mafinga, na kila Alhamisi saa mbili usiku hukutana kwa sauti kupitia seva ya Mumble (programu ya maongezi ya sauti mtandaoni) niliyoiweka nyumbani kwangu Uyole. Kwa miezi kadhaa mikutano hiyo ilianza vizuri na kuharibika katikati. Mwenyekiti alikuwa akitaja bei ya kilo, na kilichowafikia wenzake ni "elfu moja mia" kisha kimya, kisha mkia wa sentensi nyingine. Mkulima aliyesikia nusu ya bei hawezi kumkatalia dalali anayemsubiri shambani asubuhi, na ndiyo maana niliamua kuitafuta hitilafu hiyo hatua kwa hatua badala ya kuendelea kuzima na kuwasha mashine.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, tofautisha kuchelewa na kukatika. Sauti inayofika nzima lakini ikiwa imechelewa husababisha watu waingiliane maneno, na hilo hutokana na umbali au foleni. Pendekezo la G.114 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu linaeleza kwamba ucheleweshaji usiozidi milisekunde 150 kwa upande mmoja haudhuru mazungumzo mengi. Sauti inayokatakata ni jambo jingine: maana yake pakiti za sauti zimepotea njiani, au zimefika kwa mwendo usiolingana kiasi kwamba programu imezitupa kwa kuwa wakati wake umepita. (Pakiti ni vipande vidogo ambavyo sauti hukatwa ili isafiri mtandaoni; ninasema pakiti ili tusichanganye na kifurushi cha bando.) Kwa sababu hiyo, kuhamishia seva karibu zaidi hakutaponya sauti inayokatika ikiwa njia yenyewe inapoteza pakiti.

Swali la pili ni nani anayekatika, na kwa nani. Muda wa tatizo ukifika, muulize kila mwanachama kwa ujumbe wa maandishi anamsikiaje msemaji. Ikiwa mtu mmoja ndiye anayesikika vibaya kwa wote, chanzo kiko upande wake. Ikiwa mtu mmoja ndiye asiyesikia vizuri wakati wengine wanasikia, chanzo kiko pia upande wake, ila ni kwenye njia ya kupokea. Ikiwa wote wanalalamika kwa pamoja, rudi kwenye seva na laini yake. Mumble inasaidia sana hapa, kwani ukifungua dirisha la taarifa za mtumiaji utaona hesabu ya pakiti nzuri, zilizochelewa na zilizopotea, kwa pande zote mbili: kutoka kwake na kwenda kwake. Mimi niliona kwamba pakiti zilizotoka kwa wanachama zilifika karibu zote, ilhali zile zilizokwenda kwao zilipotea kwa wote 12. Hapo nikajua kwamba laini ya nyumbani kwangu inazidiwa pale inapopakia, yaani inapotuma data kwenda nje.

Wengi hupima kasi ya kupakua wakaridhika, lakini seva ya sauti huishi kwa kasi ya kupakia. Seva hii haichanganyi sauti za watu kuwa moja. Humpokea kila msemaji na kumnakili kwa kila msikilizaji. Chukua sauti moja inayotumia kilobiti 50 kwa sekunde. Mwanachama mmoja akizungumza, seva inatuma nakala 11 kwa wenzake, yaani kilobiti 550. Mikrofoni zote 12 zikiwa wazi kwa wakati mmoja, nakala zinakuwa 132, na laini inatakiwa kupakia megabiti 6.6 kwa sekunde. Laini yangu ilipakia megabiti 2 tu, kiasi kinachotosha wasemaji 3 na si zaidi.

Unaweza kuuliza ni lini watu 12 huzungumza kwa pamoja katika mkutano wenye adabu. Jibu nililipata usiku mmoja wa Januari. Mvua ilianza Tukuyu, na katika orodha ya wanachama nikaona taa ya mzee wetu wa huko ikiwaka bila yeye kusema neno. Baada ya dakika chache iliwaka ya jirani yake, kisha nyingine, na sauti ya Mwenyekiti ikaanza kukatika. Nyumba zetu nyingi zimeezekwa kwa bati bila dari, na mikrofoni zilikuwa zimepangwa zijifungue zenyewe zinaposikia sauti. Kishindo cha mvua kwenye bati kilitosha kuzifungua. Tangu siku hiyo tunatumia mpangilio wa kubonyeza ndipo mtu azungumze, na kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la kwanza ambalo kikundi chochote cha nyanda hizi kingelifanya, kabla ya kununua kifaa chochote.

Jambo linalofuata ni kupunguza uzito wa kila sauti. Katika faili la mipangilio la seva, ambalo kulingana na toleo huitwa mumble-server.ini au murmur.ini, mstari wa bandwidth huweka kikomo cha biti ambazo kila mtumiaji anaruhusiwa kutuma kwa sekunde. Niliandika 48000, kisha nikaiwasha seva upya. Kodeki (njia ya kubana sauti) ya Opus, iliyokubaliwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, hutoa maneno yanayoeleweka vizuri hata chini ya kiasi hicho, kwa hiyo usiogope kushusha. Upande wa kila mwanachama, angalia pia muda wa sauti unaowekwa ndani ya pakiti moja. Kila pakiti hubeba baiti 28 za anwani hata kabla ya sauti yenyewe. Ukituma pakiti 100 kwa sekunde, zenye milisekunde 10 kila moja, anwani peke yake zinakula kilobiti 22.4, lakini kwa milisekunde 40 zinakula 5.6 tu. Milisekunde 60 zingeokoa zaidi, ila pakiti kubwa kama hiyo ikipotea inaondoka na silabi inayosikika, kwa hiyo sisi tulibaki kwenye 40.

Ikiwa sauti bado inakatika hata anapozungumza mtu mmoja, chunguza foleni ndani ya ruta. Endesha amri ya ping, inayopima muda wa jibu kurudi, kuelekea anwani ya nje wakati nyumba imetulia, kisha uiendeshe tena wakati mtu mwingine nyumbani anapakia video. Kwangu majibu yalipanda kutoka milisekunde 40 hadi zaidi ya 600, kwa kuwa ruta ilikuwa ikirundika pakiti za video na kuziweka zile za sauti nyuma yake. Ruta yenye mfumo wa OpenWrt inaweza kusimamia foleni hiyo kwa njia inayoitwa cake. Iwekee kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi halisi ya kupakia uliyoipima saa ya mkutano, si ile iliyoandikwa kwenye tangazo.

Hakikisha pia kwamba sauti inasafiri kwa UDP, njia ya kutuma pakiti bila kusubiri zilizopotea, na si kwa TCP, inayorudia kila iliyopotea. Poti (mlango wa mtandao) ya kawaida ya Mumble ni 64738, na ni lazima ifunguliwe kwa TCP na kwa UDP kwenye ruta na kwenye faiawoli (ukuta wa kinga wa mashine). Ukiifungua kwa TCP pekee watu wataingia, watasalimiana, na utadhani kazi imekwisha. Lakini TCP hailetei msikilizaji kitu chochote mpaka pakiti iliyopotea irudiwe. Ni kama lori lililokwama mlima Kitonga, ambapo mabasi yote ya nyuma yanasimama hata yenye injini nzima. Programu hutoa ujumbe inapohamia TCP, na dirisha la taarifa za mtumiaji litakuthibitishia.

Yaliyobaki ni mafupi. Seva iunganishwe kwa waya, kwa sababu Wi-Fi inayopita kuta mbili za matofali ya kuchoma haifai kubeba sauti za watu 12. Kama seva yako ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, andika vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa tofauti na 0x0, chaja yako ni dhaifu au mashine imepata joto kupita kiasi, na chaja ya simu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Wanaotumia simu waiondoe programu ya Mumla, inayounganisha simu za Android na seva ya Mumble, kwenye mpango wa kuokoa betri, la sivyo simu itaizima kioo kinapofungwa.

Badilisha jambo moja tu kwa kila mkutano, na uandike kwenye daftari idadi ya pakiti zilizopotea kabla na baada. Pima saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, na urudie kipimo hicho siku ambayo mvua inanyesha.