Kuunda na Kuhariri Mionekano ya Hifadhidata katika MySQL Workbench

Mwonekano ni kauli ya SELECT, yaani amri ya kusoma data katika lugha ya SQL, iliyopewa jina na kuhifadhiwa ndani ya hifadhidata, hivi kwamba anayeuita huupata kama jedwali ingawa hauna data yake wenyewe. MySQL imekuwa na mionekano tangu toleo la 5.0 la mwaka 2005, na MySQL Workbench, programu ya kuchorea modeli za hifadhidata hiyo, hukuwezesha kuiweka kwenye mchoro pamoja na majedwali. Kinachowatatiza wengi ni kwamba katika mchoro huo jedwali na mwonekano huonekana kama ndugu, kumbe havilingani hata kidogo: jedwali huundwa kwa kujaza nafasi za safuwima na aina zake, ilhali mwonekano ni maandishi ya SQL yaliyofunikwa na kisanduku. Programu haikuandikii maandishi hayo, wala haiyarekebishi majedwali yanapobadilika.

Kwa sababu hiyo, anza na kauli kabla ya kisanduku. Tuchukulie kwamba modeli yako ni ya maktaba yenye majedwali matatu, yaani wanachama, vitabu na azima, nawe unahitaji mwonekano wa vitabu ambavyo havijarudishwa. Ikiwa majedwali hayo tayari yapo kwenye seva ya majaribio, fungua dirisha la SQL, andika SELECT peke yake, iendeshe, kisha ulinganishe safumlalo zilizotoka na unachokijua kuhusu data yenyewe. Usiruke hatua hii, kwa kuwa upande wa modeli hukagua sarufi ya SQL tu. Kauli inayoleta majibu ya uongo itapita bila alama yoyote ya onyo.

Kauli ikishakuridhisha, rudi kwenye mchoro. Bofya ikoni ya mwonekano katika upau wa zana ulio kushoto, au bonyeza herufi V, kisha bofya mahali unapotaka kisanduku kikae. Kitatokea kikiwa na jina la muda kama view1. Kibofye mara mbili ili kihariri kifunguke chini ya mchoro, ufute maandishi yaliyomo na uweke yako:

CREATE OR REPLACE VIEW azima_wazi AS
SELECT a.namba AS namba_ya_azima,
       w.jina AS mwanachama,
       v.kichwa AS kitabu,
       a.tarehe_ya_mwisho
FROM azima a
JOIN wanachama w ON w.namba = a.namba_ya_mwanachama
JOIN vitabu v ON v.namba = a.namba_ya_kitabu
WHERE a.tarehe_ya_kurudishwa IS NULL;

Jina la kisanduku husomwa kutoka ndani ya kauli hii kadiri unavyoandika, kwa hiyo ukitaka kulibadilisha, libadilishe hapo. Chagua jina ambalo halijatumiwa na jedwali lolote la hifadhidata hiyohiyo, maana jedwali na mwonekano haviwezi kuitwa jina moja.

Safuwima zinastahili uangalifu zaidi. Katika mfano wetu kila jedwali lina safuwima iitwayo namba, na kama ungechukua mbili kati ya hizo bila kuzipa majina mapya kwa AS, seva ingekataa kuunda mwonekano kwa sababu ya jina kurudiwa. Aidha, epuka alama ya nyota. Wakati wa kuunda mwonekano, MySQL huigeuza nyota kuwa orodha ya safuwima zilizopo siku hiyo, na safuwima itakayoongezwa kwenye jedwali baadaye haitaonekana ndani yake. Mtu asiyelijua hilo anaweza kupoteza nusu siku akitafuta kosa ambalo halipo.

Kihariri kina pia kichupo cha maelezo, nami ningekihesabu kuwa cha lazima. Workbench haichori mstari wowote kati ya mwonekano na majedwali unayoyasoma, kama inavyofanya kwa funguo za kigeni, yaani safuwima zinazounganisha jedwali moja na jingine, kwa hiyo anayeutazama mchoro hawezi kujua azima_wazi inategemea nini. Yaandike majedwali hayo katika maelezo.

Ili kupeleka modeli kwenye seva, fungua menyu ya Database na uchague Forward Engineer. Ukiisoma skripti inayotengenezwa, yaani orodha ya amri za SQL, usishtuke kukuta jedwali lenye jina la mwonekano wako likiundwa kwanza na kufutwa baadaye kidogo. Jedwali hilo la muda hushika nafasi, ili mwonekano unaosoma mwonekano mwingine uweze kuundwa bila kujali upi umetangulia.

Kuhariri ndiko kwenye mitego mingi. Ukibadilisha masharti au safuwima za kauli na kuacha jina lilivyo, CREATE OR REPLACE itauweka mpya mahali pa wa zamani. Ukibadilisha jina, utapata mwonekano mpya huku ule wa awali ukibaki kwenye seva, na itakubidi uuondoe mwenyewe kwa DROP VIEW. Hatari kubwa zaidi ni mabadiliko ya majedwali: ukiipa safuwima ya kichwa jina jipya katika jedwali la vitabu, maandishi ya mwonekano hubaki na jina la zamani, na MySQL huruhusu badiliko hilo bila kulalamika. Hitilafu namba 1356 hujitokeza pale tu mtu anapousoma mwonekano. Basi kabla ya kugusa jedwali, uliza seva ni mionekano ipi inalitegemea. Kuanzia toleo la 8.0.13 jibu limo katika INFORMATION_SCHEMA.VIEW_TABLE_USAGE, jedwali la seva yenyewe unaloweza kulisoma kwa SELECT. Baada ya badiliko, endesha CHECK TABLE, amri inayokagua kama mwonekano bado ni halali, juu ya kila mwonekano uliotajwa humo.

Faili ya modeli ndiyo iwe chanzo chako cha kuhariri. Seva haihifadhi maandishi kama ulivyoyapanga. Huyaandika upya kwa mtindo wake, ikajaza majina kamili na kuondoa maoni uliyoyaweka ndani ya kauli, na ukiyavuta kutoka huko kwa Reverse Engineer utapata mstari mmoja mrefu unaochosha macho. Maandishi hayo huja pia na sehemu ya DEFINER inayomtaja mtumiaji aliyeuunda mwonekano. Ukiuhamishia kwenye seva ambayo mtumiaji huyo hayupo, unaweza kuundwa vizuri, lakini ukisomwa huleta hitilafu namba 1449. Iondoe sehemu hiyo, au mtaje mtumiaji aliyepo kweli.

Ukitaka kuuondoa mwonekano kwenye mchoro, bofya kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya na usome menyu kwa makini: Remove Figure huondoa picha tu na kuuacha mwonekano katika orodha ya modeli, ilhali Delete huufuta katika modeli. Kwenye seva utaendelea kuwepo hadi utakapotoa amri ya kuufuta huko pia.