Taa ya tangi la samaki inayopanda na kushuka: namna ninavyoitundika

Mimi ni fundi cherehani. Juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa kuna taa inayoning'inia kwa kapi. Nikikata kitambaa cheusi naishusha, nikimaliza naipandisha isinigonge kichwa. Miaka mingi niliivuta taa ile kila siku, na hatua nne tu kutoka hapo tangi langu la samaki lilikuwa na taa iliyokaa juu ya kioo kwa miguu ya plastiki. Kila nilipotaka kupogoa mimea ilibidi niinyanyue kwa mikono miwili na kuilaza sakafuni, waya ukiburuzika majini. Na majani ya Anubias, mmea unaopenda mwanga hafifu, yalikuwa yamefunikwa na mwani, kwa sababu taa ilikuwa kali na sikuwa na njia ya kuipunguza makali.

Taa ya kutundika huondoa shida zote mbili. Mikono hupata nafasi, na kimo cha taa hugeuka kuwa kipimo cha mwanga. Hili la pili ndilo lililonifanya nishike keekee, kwa hiyo naanza nalo.

Mwanga hufifia upesi kadiri unavyokwenda mbali. Kwa taa ndogo iliyo kama nukta, ukiongeza umbali mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Taa ndefu ya mstari haififii kwa kasi hiyo, na vioo vya tangi hurudisha ndani sehemu ya mwanga, lakini sentimita kumi bado ni badiliko kubwa kwa mmea. Jambo lingine ni mtawanyiko. Tazama kwenye maelezo ya taa yako pembe ya lenzi. Ikiwa ni nyuzi 90, upana wa mwanga ni mara mbili ya kimo: taa ikiwa sentimita 20 juu ya maji, mwanga unatanda sentimita 40. Ikiwa ni nyuzi 120, upana ni karibu mara tatu na nusu, yaani sentimita 70 kwa kimo kilekile, na sehemu kubwa itamwagika nje ya tangi na kukupiga machoni ukikaa kuwatazama samaki. Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45. Taa yangu ni ya nyuzi 90, na kati ya sentimita 20 na 30 ndipo inapofanya kazi yake vizuri.

Kisha pima uzito. Nilisimama kwenye mizani nikiwa nimeishika taa pamoja na kila kitakachoning'inia nayo, nikasimama tena bila kitu, nikatoa. Ilikuwa kilo 2.4. Zidisha mara tano, na kila waya, ndoano na skrubu unayochagua iweze kubeba uzito huo peke yake. Kwangu ni kilo 12. Usione ni nyingi: taa hii utaivuta, utaigonga kwa kiwiko, na kuna siku itabaki imening'inia upande mmoja tu.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mara ya kwanza nilitundika kwenye dari ya jipsamu kwa plagi za plastiki za kushikia skrubu, bila kutafuta boriti. Siku ya kumi na moja, usiku, ndoano moja ilichomoka. Taa ikabembea, ikagonga ukingo wa kioo, na ncha yake ikazama majini. Kioo hakikupasuka, na kifaa cha kukata umeme unapovuja kikauzima papo hapo. Asubuhi nilihesabu samaki mmoja mmoja, wote wazima. Tangu siku hiyo situndiki kitu kwenye ubao wa jipsamu pekee, hata kiwe chepesi namna gani.

Boriti hupatikana kwa subira. Gonga dari kwa kifundo cha kidole. Penye uwazi hulia kama ngoma, penye mbao sauti huwa nzito na fupi. Pitisha sumaku polepole, itanasa pale penye misumari au skrubu zinazoshika ubao. Boriti kwa kawaida zimepangwa kwa nafasi sawa, kwa hiyo ukipata mbili unaweza kukadiria ya tatu. Hakikisha kwa kutoboa tundu jembamba la milimita 2. Ncha ikizama ghafla, umetoboa hewa. Ikiendelea kukaza na kutoa unga wa mbao, umefika. Boriti zisipokuwa sawasawa juu ya tangi, usilazimishe: funga kipande cha mbao imara kikatize boriti mbili, kisha ndoano ziweke popote kwenye mbao hiyo.

Dari ya zege ni rahisi zaidi kuiamini ila ina vumbi. Ncha ya keekee ilingane na plagi, toboa kwa kina kilichoandikwa, puliza vumbi lote litoke tunduni, kwa sababu plagi iliyokaa juu ya unga haishiki. Kabla ya kutoboa dari ya aina yoyote, jiulize nyaya za umeme na mabomba yanapita wapi. Na kabla ya yote chomoa taa, funika tangi kwa plastiki, kisha zima pampu ya hewa. Hii ya pampu wengi huisahau. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja majini, na ukitoboa zege huku inanguruma, samaki wanapata saruji. Iwashe vumbi likishatua na ukishapangusa.

Kama huruhusiwi kutoboa dari, pinda bomba la chuma liwe mkono unaopita juu ya tangi, ulifunge kwa bolti nyuma ya kabati linalobeba tangi, sehemu mbili zilizoachana vya kutosha, sentimita 40 au zaidi. Bolti zikikaribiana, mkono utainama.

Kuweka alama natumia vya kazini: uzi wenye bobini ya chuma kama timazi, na chaki ya kushonea. Msaidizi anashika uzi darini, mimi nasimama chini nikimwelekeza mpaka bobini itulie juu ya mstari niliopima kwenye tangi. Mstari wangu hauko katikati kabisa; nausogeza sentimita tano mbele, upande wa mtazamaji. Taa ikiwa nyuma, samaki wanaonekana vivuli tu. Ikiwa mbele kidogo, magamba yanang'aa na rangi zao zinatoka.

Sasa kutundika kwenyewe. Watu wengi hutumia nyaya nne, kila pembe moja, kisha hutumia jioni nzima kuzisawazisha. Nakushauri mbili. Kila ncha ya taa iwe na waya mfupi wenye umbo la V iliyopinduliwa, miguu miwili imeshika taa mbele na nyuma, na kutoka kileleni waya mmoja upande juu. Unabaki na sehemu mbili tu za kurekebisha, na taa haipinduki. Waya wa chuma cha pua wa milimita 1.5 unatosha taa kama yangu. Kwa tangi la maji ya chumvi chagua chuma cha pua cha daraja la 316, maana rasharasha za chumvi hula vyuma vingine. Usiweke shaba juu ya maji yenye uduvi, konokono au matumbawe. Shaba kidogo tu ikidondokea majini huwaua.

Njia ya kupandisha na kushusha ni hiari yako. Kuna vishikio vidogo vinavyojifunga vyenyewe: ukivuta waya taa inapanda, ukibonyeza ncha ya kishikio waya unaachiwa. Ni vizuri na nadhifu, ila ukibonyeza huachia mzigo wote kwa mara moja, kwa hiyo mkono mmoja uwe tayari umeibeba taa. Mimi nimebaki na kapi, kama ile ya meza yangu. Kapi mbili darini, kamba mbili zinakwenda pamoja hadi kigingi kimoja ukutani. Navuta kwa mkono mmoja na ncha zote mbili zinapanda sawa. Kamba iwe ya poliesta iliyosukwa. Nailoni hunyooka ikibeba mzigo, utaiacha taa kwenye kimo kimoja na kuikuta kwingine.

Na hapa sikubali maelewano: weka waya wa akiba. Ni waya wa chuma uliolegea, umefungwa kwenye skrubu yake yenyewe darini upande mmoja na kwenye taa upande mwingine, kila ncha ya taa iwe na wake. Upime hivi: kamba zote zikikatika, taa isimame sentimita 10 juu ya maji. Siku za kawaida haubebi chochote. Ulining'inia tu juu ya tangi langu mwaka mzima, nami nalala bila kusikiliza.

Waya wa umeme usibebe uzito wowote. Ufunge kwa tai za plastiki kufuata kamba, uache ulegevu wa kutosha taa ishuke hadi chini, na kabla ya kufika soketi uuache uning'inie chini kuliko soketi kisha upande tena. Maji yakitiririka kwenye waya yatadondoka pale kwenye mbonyeo, hayatafika kwenye plagi. Adapta isikae juu ya maji. Saketi iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampia 30, na kama mwili wa taa ni wa chuma na umetengenezwa kuunganishwa ardhi, waya huo wa ardhi usiachwe. Kifaa hicho cha kukata umeme ndicho kilichookoa samaki wangu, na huenda kingeniokoa mimi.

Ukishatundika, anza juu: sentimita 30 kutoka kwenye maji, saa sita kwa siku. Kisha ngoja wiki mbili. Mimea ikirefuka shina na kuachanisha majani, inatafuta mwanga. Shusha sentimita 3. Kioo kikifunikwa na mwani wa kijani siku mbili tu baada ya kukifuta, pandisha 3. Usibadilishe kimo na muda wa kuwasha kwa pamoja, hutajua kipi kilichofanya kazi. Unapokuwa unashusha, nenda polepole, sentimita moja kwa siku. Samaki hushtuka kitu kikubwa kikiwakaribia ghafla kutoka juu, na tangi lisilo na kifuniko linawapa njia ya kurukia nje.

Kwenye kamba nimeshona uzi mwekundu kila sentimita tano, nisome kimo bila kushika tepu. Sasa imesimama kwenye 27. Kila mwezi naivuta taa chini kwa mkono nikiisikiliza, napitisha kitambaa cheupe kwenye nyaya kutafuta kutu, nakaza skrubu. Kitambaa kikitoka na doa la kahawia, waya huo nauondoa siku hiyohiyo.