SOMO: Umekaa miaka mingi hujaungama, unaanzia wapi?

Tumsifu Yesu Kristo ndugu zangu.

Kila Kwaresima ikifika kuna watu wananivuta pembeni baada ya jumuiya wananiuliza kwa sauti ya chini, hivi mtu akikaa miaka saba hajaungama anaanzaje? Mimi mwenyewe nilikaa tisa, misa naenda kila jumapili ila wakati wa komunyo nabaki kwenye benchi naangalia chini, kwahiyo haya ninayoandika nayajua.

Kwanza maneno maana tunayachanganya sana. Kitubio ni sakramenti yenyewe, moja kati ya zile saba. Kuungama ni sehemu yake, pale unapotaja dhambi mbele ya padre. Malipizi ni kile anachokupa ukafanye (ukisikia mzee anasema "padre kanipa kitubio cha Salamu Maria tatu" anamaanisha hayo). Maondoleo ni yale maneno ya padre "nakuondolea dhambi zako". Alafu dhambi ya mauti inataka vitu vitatu vikutane: jambo lenyewe ni zito, unajua ni zito, na umelifanya kwa hiari yako. Kikikosekana kimoja hiyo si ya mauti.

HATUA YA 1: Tafiti dhamiri
Kaa sehemu tulivu upitie amri kumi moja moja. Watu wengi wanakimbilia ya sita tu (usizini), ya saba (usiibe) na ya nane (usiseme uongo) wanaziruka kabisa, wakati mshahara wa dada wa kazi hujamlipa miezi miwili, hela ya kikoba umekula, na jirani umemchafua jina mtaa mzima. Andika kwenye karatasi kama unasahau, ila baadae uichane.

HATUA YA 2: Jutia
Hapa ndo penyewe. Unaweza kutaja dhambi zote bila kuacha hata moja na kama hujuti na huna nia ya kuacha hakuna maondoleo. Kuna majuto kamili, unajuta kwasababu unampenda Mungu na umemkosea, na kuna majuto yasiyo kamili, unajuta kwasababu unaogopa moto au unaona aibu ya dhambi yenyewe. Kanisa linafundisha hata haya ya pili yanatosha ukiyaleta kwenye sakramenti, kwahiyo usisubiri mpaka ulie machozi ndo uende. Mimi nilisubiri hayo machozi miaka na hayakuja.

HATUA YA 3: Ungama
Piga magoti, ishara ya msalaba, sema "Padre nibariki kwani nimekosa, nina miaka kama tisa sijaungama". Ukishasema hiyo miaka padre mwenyewe atakusaidia. Za mauti taja aina na ni mara ngapi kadiri unavyokumbuka, bila hadithi ndefu, na usiungame dhambi za mumeo au mama mkwe.

HATUA YA 4: Sala ya majuto
Ni ile ya "Mungu wangu nimetubu sana niliyokosa". Ukiwa umeisahau mwambie padre, mtasali pamoja.

HATUA YA 5: Malipizi
Fanya siku hiyohiyo. Na kama uliiba, kuungama hakufuti deni, rudisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimetoka nje ndo nakumbuka dhambi kubwa nimeiacha, inakuaje?
Jibu: Kama ulisahau kweli imesamehewa pamoja na zingine, itaje ukirudi tena. Ila kama uliificha makusudi ungamo lote ni batili, unarudia.

Swali: Padre wetu ananijua mpaka nyumbani, naogopa ataniangaliaje
Jibu: Siri ya kitubio padre haruhusiwi kumwambia mtu yeyote, sio polisi sio askofu. Padre akiivunja moja kwa moja anajitenga na Kanisa papohapo. Ukishindwa kabisa nenda parokia nyingine, inaruhusiwa.

Swali: Kaka naomba kujua kwa simu inawezekana? Niko mbali na kanisa
Jibu: Hapana dada yangu, lazima uwe mbele ya padre.

Swali: Nilitoa mimba nikiwa chuo. Niliambiwa mpaka askofu
Jibu: Pole sana. Zamani sehemu nyingi padre alihitaji ruhusa ya askofu ili aondolee dhambi hiyo, ila Papa Fransisko mwaka 2016 aliwapa mapadre wote uwezo huo. Nenda kwa padre yeyote.

Swali: Tuko kwenye uchumba sugu miaka 14, watoto watatu, naruhusiwa kuungama?
Jibu: Mama, nenda ukaongee na padre hata wiki hii. Ukweli ni kwamba maondoleo yanataka nia ya kutoka kwenye hali hiyo, ila kama wote wawili hamna ndoa nyingine njia ni fupi kuliko unavyodhani. Wengi wanakwama kwasababu ya ukumbi na kamati ya harusi na hayo hayadaiwi na Kanisa, inatakiwa padre, mashahidi wawili na nyie. Kama mzee sio mkatoliki sema mapema maana kuna kibali cha kuomba. Anza na katekista (mwalimu wa dini) wa kigango chenu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, muulize lini wanaandikisha ndoa, na kabla ya siku yenyewe mnaungama.