Somo: Namna ya kufuatilia mto unaohama, kwa mfano wa Tana

Mto kuhama si ajabu. Ukiutazama mto Tana wa Kenya kutoka angani, kati ya Garissa na Garsen, utaona viziwa vilivyopinda kama mwezi mwandamo pembeni yake. Kila kimoja ni kona ambayo mto uliiacha. Kinachonisumbua ni kwamba kila shamba likimegwa tunailaumu mvua, na hatuulizi ardhi imetumiwaje huko maji yanakotoka. Kwa hatua hizi unaweza kulichunguza jambo hilo wewe mwenyewe, bila kulipia chochote zaidi ya intaneti.

Hatua ya 1: Tafuta picha za miaka tofauti
Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta na utumie kitufe cha picha za zamani. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, zipo picha za bure za setilaiti za Landsat. Tangu miaka ya 1980 zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mraba vya mita 30 kila upande. Za Sentinel-2, kuanzia 2015, zina vipande vya mita 10. Chagua picha za msimu mmoja, ikiwezekana kiangazi. Ukilinganisha picha ya Februari na ya wakati wa masika, utadhani mto umepanuka kumbe umejaa tu.

Hatua ya 2: Chora kingo
Fuata mstari ambapo miti na majani ya kudumu yanaanzia, usifuate ukingo wa maji. Chora pande zote mbili, rangi moja kwa kila mwaka.

Hatua ya 3: Soma mabadiliko
Hapa usiharakishe. Ikiwa ukingo wa nje wa kona unaliwa na ule wa ndani unajengwa na mchanga, huku upana ukibaki karibu uleule, mto unahama kwa kawaida yake. Kama pande zote mbili zinaliwa, mto unapanuka. Mara nyingi sababu ni maji yanayokuja kwa kishindo kutoka ardhi isiyonyonya tena: msitu umekatwa, malisho yamekwisha, au mji umejaa mabati na lami. Visiwa vipya vya mchanga katikati ya mto ni dalili ya udongo mwingi kuliko nguvu ya maji kuubeba. Linganisha pia kona yenye msitu na ile iliyolimwa hadi ukingoni. Mizizi ya miti hushika udongo kuliko ya mahindi.

Hatua ya 4: Orodhesha yaliyofanyika juu ya mto, yaani upande maji yanakotoka
Andika na miaka. Kwa Tana kuna mabwawa: Kindaruma (1968), Kamburu, Gitaru, Masinga (1981), Kiambere (1988). Udongo unaomomonyoka kwenye mashamba ya miinuko ya Murang'a na Nyeri sehemu kubwa hutuama Masinga. Maji yanayotoka chini ya mabwawa yamepungukiwa udongo, basi hujichukulia mwingine kwenye sakafu na kingo za mto. Kwa hiyo, mto uleule unaweza kuzidiwa na tope juu ya bwawa na kuchimba kingo chini yake. Kabla ya kutoa hukumu, jua umesimama upande gani wa bwawa.

Usisahau mifereji. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi. Baadaye Tana wenyewe ulifuata njia hiyo, na leo unaingia baharini Kipini. Kwenye tambarare, mfereji mdogo au njia ya mifugo inatosha kuwa mlango wa mto mzima siku ya mafuriko.

Hatua ya 5: Nenda mtoni
Pigilia vigingi kwa mstari kutoka ukingoni kuelekea bara, kisha upime umbali wa ukingo kila baada ya masika. Tazama mizizi inayoning'inia na nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo. Waulize wazee mto ulipita wapi walipokuwa vijana.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkulima wa Kilosa: Mwalimu, kwetu mto unakula pande zote mbili. Tupande nini?
Jibu: Ndugu, anzeni kwa kuacha kulima ukingoni. Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60. Matete na miti ya asili vikiachwa vitarudi vyenyewe. Palipo wazi pandeni mianzi. Lakini milima ikibaki uchi, mianzi itang'olewa na maji.

Dada wa Dar: Wachimba mchanga wa mto Msimbazi wanachangia kingo kuliwa?
Jibu: Ndiyo, dada. Shimo likichimbwa, sakafu ya mto hushuka, kingo hubaki ndefu na wima, kisha huporomoka na nyumba zilizo juu yake. Shimo hilo haliishii hapo. Maji hulirefusha kuelekea juu ya mto, likafika kwa watu ambao hawajachimba hata ndoo moja.

Kijana wa Hola: Nimelinganisha Landsat za miaka miwili mfululizo, ukingo umesogea mita 20. Niripoti?
Jibu: Hapana, bado. Kipande kimoja cha picha hiyo ni mita 30, kwa hiyo mita 20 zimo ndani ya kosa la kipimo. Linganisha picha zilizopishana miaka 10 au zaidi, na upigilie vigingi sasa kabla ya masika.