Kushona daftari kwa mshono wa Kikopti: anza na mlalo wa nyuzi

Nimeandika mwongozo huu baada ya mshiriki mmoja wa warsha ninazoendesha kuniletea daftari aliloshona mwenyewe nyumbani. Kurasa zake zilikataa kulala, majalada yalikuwa yamebinuka, naye aliamini kwamba kosa lilikuwa kwenye mshono. Mshono ulikuwa mzuri. Kilichokosekana ni jambo linalotangulia sindano na uzi, nalo ni kujua nyuzi za karatasi zimelala kuelekea wapi. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko nyingine zote, na ninamwomba msomaji asiiruke.

Daftari tutakalotengeneza lina ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Lina vitita saba, yaani mafungu ya karatasi zilizokunjwa katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine, kila kimoja cha karatasi nne, pamoja na majalada mawili magumu yanayoshikwa na uzi wenyewe bila gundi mgongoni. Mshono huu wa mnyororo unahusishwa na Wakristo wa Kikopti wa Misri, waliokuwa wakishona vitabu kwa namna hii katika karne za mwanzo za Ukristo. Ninaupendelea kwa wanaoanza kwa sababu daftari hufunguka na kulala bapa katika ukurasa wowote, na kila kasoro huonekana mgongoni mapema, wakati bado inaweza kurekebishwa.

Vifaa ni karatasi za gramu 80 hadi 100 kwa mita ya mraba, kadibodi ngumu ya unene wa milimita 2, karatasi ya kufunikia majalada, uzi wa kitani, nta ya nyuki, sindano butu, maharazi ya fundi viatu, rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya na gundi. Uzi wa nailoni siushauri hata kidogo, kwa kuwa huteleza, mafundo yake hulegea, na ukikazwa hukata karatasi. Uzi wa kitani ukikosekana, uzi mnene wa pamba uliopakwa nta utatosha. Kwa kukandamiza mikunjo, kipande cha mfupa kilicholainishwa ndicho bora, ingawa mgongo wa kijiko hufanya kazi hiyo vizuri.

Hatua ya kwanza: kupima mlalo wa nyuzi

Karatasi ni utando wa nyuzinyuzi za mimea zilizochujwa kutoka majini. Fundi anayechota rojo kwa chekeche na kulitikisa kwa mikono hupata karatasi ambayo nyuzi zake zimetawanyika karibu pande zote. Mashine haifanyi hivyo. Tangu ilipobuniwa mashine ya kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika, ambayo Mfaransa Nicolas-Louis Robert aliipatia hataza mwaka 1799, rojo humiminwa juu ya wavu unaosonga mbele, na nyuzi nyingi hulala kuelekea kule wavu unakokwenda. Ndiyo maana karibu kila karatasi ya dukani ina mlalo, kama vile ubao ulivyo na mishipa yake.

Unyuzi unaponyonya maji hunenepa sana, lakini hurefuka kidogo mno. Kwa hiyo karatasi ikipata unyevu hutanuka kwa kuukingama mlalo, na karibu haitanuki kabisa kwa kuufuata. Vilevile hukunjika kwa mstari safi ikikunjwa kufuata mlalo, ilhali hugoma na kuchanika juu juu ikikunjwa kwa kuukingama. Kutokana na tabia hizo inapatikana kanuni isiyo na msamaha katika kazi hii: mlalo wa kila kitu kilichomo kitabuni, yaani karatasi za ndani, kadibodi na karatasi ya kufunikia, lazima uwe sambamba na mgongo. Kanuni hiyo ikivunjwa, kurasa husimama badala ya kulala, na majalada hubinuka mara tu gundi inapoanza kukauka.

Zipo njia kadhaa za kuupima mlalo, nami sizithamini sawasawa. Iliyo maarufu ni kuipinda karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza upande mmoja kisha upande wa pili, na kusikiliza kwa kiganja ni upande upi unaokubali kwa urahisi. Mlalo uko sambamba na mpindo ulio mwepesi. Njia hii hudanganya ikiwa karatasi si mraba, kwa maana upande mrefu na upande mfupi hutoa ukinzani tofauti hata kama nyuzi hazihusiki. Kata kwanza kipande cha mraba, ndipo upinde. Wengine huchana karatasi na kutazama ni upande upi unaochanika kwa mstari ulionyooka zaidi. Mimi siutumii mchano, kwa sababu karatasi nyembamba huchanika ovyo pande zote mbili na kumwacha mtu na shaka ile ile aliyoanza nayo.

Ninayoitegemea ni njia ya vijistari viwili. Kata kijistari cha sentimita 1 kwa 15 kutoka upande mrefu wa karatasi, na kingine cha kipimo hicho hicho kutoka upande mfupi, na kila kimoja ukiwekee alama ya penseli kabla ya kukitenganisha na karatasi yake. Vibane pamoja kwa ncha moja, kimoja juu ya kingine, uviache vining'inie, kisha vigeuze ili cha chini kiwe juu. Kile kinacholegea na kuachana na mwenzake kimekatwa kwa kuukingama mlalo. Kile kinachobaki kigumu kimekatwa kwa kuufuata. Kugeuza ni sehemu ya kipimo, kwa maana kijistari kigumu kikiwa chini hukibeba kile laini na vyote viwili huonekana sawa.

Ikiwa shaka bado ipo, lowesha upande mmoja wa kipande cha mraba. Karatasi itajisokota yenyewe kuwa mrija, na urefu wa mrija huo ndio uelekeo wa mlalo. Hapa ndipo washiriki wengi hukosea kusoma, kwa kuwa wao hutazama kingo zinazoinuka na kudhani kwamba nyuzi zinaelekea kwenye kingo hizo. Sivyo. Kingo huinuka kwa sababu nyuzi zimenenepa ubavuni, kwa hiyo zimelala sambamba na mrija.

Sasa tuje kwenye mtego uliomnasa mshiriki wangu. Karatasi za A4 za ofisini, za milimita 210 kwa 297, kwa kawaida mlalo wake hufuata upande mrefu, kwa kuwa hivyo hupita vizuri ndani ya printa. Ukiikunja karatasi ya namna hiyo katikati ili upate A5, mkunjo unaukingama mlalo, na daftari limeharibika kabla sindano haijatungwa uzi. Dawa ninayoipendelea ni kununua A3 ambayo mlalo wake unafuata upande wa milimita 420 na kuikata katikati kwa kisu. Kila nusu itakuwa A4 ambayo mlalo wake unafuata upande mfupi, na ikikunjwa kuwa A5 mlalo utakuwa sambamba na mgongo. Kwa daftari letu zinatosha A3 kumi na nne. Asiyepata A3 anaweza kuikata A4 ya kawaida katikati kwanza na kuzikunja nusu hizo ili apate daftari dogo la A6, ambalo mlalo wake utakuwa sahihi. Ninamshauri afanye hivyo badala ya kulazimisha A5.

Kadibodi nayo ipimwe kwa kupinda kipande cha mraba, na kila kipande kichorwe mshale wa penseli kuonyesha mlalo, hata kama fundi anaamini kwamba atakumbuka. Karatasi iliyotengenezwa kwa mikono ndiyo pekee ninayoilegezea kanuni, kwa kuwa mlalo wake ni dhaifu mno kuweza kuleta madhara.

Hatua ya pili: majalada

Majalada yatangulie kushona, kwa sababu yanahitaji usiku mzima wa kukauka. Kata kadibodi mbili za milimita 151 kwa 216, ili zizidi kurasa kwa milimita 3 juu, chini na mbele. Zifunike kwa karatasi yenye ukingo wa milimita 15 wa kukunjia ndani. Kisha bandika karatasi nyingine upande wa ndani, na hili si pambo: karatasi iliyolowa gundi hutanuka, na inapokauka hurudi na kuvuta kadibodi, kwa hiyo isipokuwepo ya kuvuta upande wa pili jalada litapinda hata kama mlalo ni sahihi.

Gundi nyeupe ya maji hukauka haraka na haina subira. Uji wa unga wa ngano, kipimo kimoja cha unga kwa vipimo vitano vya maji, uliopikwa kwa moto mdogo huku ukikorogwa mpaka uwe mzito, humpa fundi muda wa kuisogeza karatasi, ila huvutia wadudu. Mimi huvichanganya nusu kwa nusu. Laza majalada kati ya karatasi kavu chini ya kitu kizito.

Hatua ya tatu: kukunja na kutoboa

Kunja kila karatasi peke yake, kandamiza mkunjo, kisha pachika nne nne. Matundu ya vitita yawe milimita 15, 75, 135 na 195 kutoka juu. Yatoboe kutoka ndani kwenda nje, kitita kikiwa kimefunguliwa nusu, na ncha ya maharazi ipite kwenye mstari wa mkunjo wenyewe. Matundu ya majalada yawe milimita 18, 78, 138 na 198, kwa sababu ya ile ziada ya juu, na yakae milimita 8 kutoka ukingo wa mgongo.

Hatua ya nne: kushona

Uzi uwe na urefu wa daftari mara kumi, upitishwe kwenye nta mara mbili. Weka jalada la mbele chini na kitita cha kwanza juu yake. Toka ndani ya kitita kwa tundu la kwanza ukiacha mkia wa sentimita 10, zunguka nje ya jalada, ingia kwenye tundu lake kutoka nje, utokeze kati ya jalada na kitita, uzungushe uzi huo mara moja kwenye uzi uliotangulia, kisha urudi ndani ya kitita kwa tundu lile lile. Funga fundo pamoja na mkia. Endelea hivyo hadi tundu la nne, ila hapo usirudi ndani. Panda moja kwa moja ukaingie tundu la nne la kitita cha pili.

Katika kitita cha pili nenda tundu la tatu, toka, shuka, pitisha sindano nyuma ya uzi unaounganisha jalada na kitita cha kwanza, kisha rudi kwenye tundu lile lile. Fanya hivyo hadi mwisho. Kwenye tundu la mwisho pitisha sindano nyuma ya uzi kwanza, ndipo upande kitita kinachofuata. Kuanzia kitita cha tatu, sindano hupita nyuma ya kiungo cha vitita viwili vilivyotangulia. Kaza uzi kwa kuuvuta sambamba na mgongo, kuelekea unakokwenda, kwa kuwa ukiuvuta kuelekea kwako utachana tundu.

Kitita cha saba hushonwa pamoja na jalada la nyuma. Baada ya kupita nyuma ya kiungo cha chini, panda hadi jaladani, ingia kutoka nje, zungusha uzi kama mwanzo, ndipo uingie kwenye kitita. Kwenye tundu la mwisho funga mafundo mawili ndani ya kitita na ukate uzi ukibakiza sentimita 1. Mnyororo wowote ukionekana umelegea mgongoni, ufumue hadi hapo kabla ya kufunga, kwa sababu baada ya fundo hauwezi kukazwa tena.