Kupanda Nkungwe kuanzia ufukweni

Nkungwe, kilele kirefu kuliko vyote vya milima ya Mahale, kina mita 2,462. Mtu aliyekulia kwenye hadithi za Kilimanjaro akisikia hivyo hucheka. Asicheke. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na njia inaanzia hapohapo kwenye mchanga, kwa hiyo miguu yako italipa mita 1,689 zote. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, siku ya kwanza hupanda kama mita 850 tu, kutoka getini hadi kambi ya Mandara. Nkungwe uhaba wa hewa haukusumbui. Kinachoangusha watu ni joto la msituni, kiu na magoti.

Nenda Juni au Julai. Mvua zimekwisha, vijito bado vina maji, na ukiwa juu unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Agosti na Septemba njia ni kavu zaidi, lakini moshi wa mioto ya miombo, yaani mapori ya miti ya nchi kavu, huziba kila kitu. Novemba hadi Aprili usijaribu: majani yaliyolowa juu ya mizizi yanateleza kuliko sabuni.

Kutoka Kigoma mjini hadi Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ni kilomita zipatazo 130 kuelekea kusini, kwa boti. Kiangazi ndicho kipindi cha upepo wa kusi, na wewe unaelekea huko unakotokea, hivyo mawimbi yanakupiga usoni. Ondoka alfajiri, vaa jaketi la kujiokolea tangu bandarini, na begi lako lifunge ndani ya mfuko wa nailoni. Kibali na malipo vimalize mjini, mtandao ukiwa mzuri. Askari wa hifadhi ni lazima awe nanyi mlimani, kwa hiyo mwombe mapema. Ndani hakuna barabara, kila mahali ni kwa miguu.

Panga siku tatu. Wenye haraka hufanya mbili, kisha hushuka ngazi za nyumbani kinyumenyume wiki nzima.

Siku ya kwanza panda hadi karibu mita 1,800. Ukiwa na mzigo hesabu mita 250 za kimo kwa saa, basi ni saa nne za kutembea, na mapumziko zinafika sita. Huku magharibi jua huchomoza karibu saa moja, si kama Dar es Salaam, tena mlima wenyewe uko mashariki yako, kwa hiyo mteremko wote unabaki kivulini kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo zawadi ya asubuhi, usiilalie. Anayeanza saa nne atapanda jua likimchoma mgongoni mchana kutwa.

Msitu wa chini ni mnene na una unyevu. Ukikuta milimau, miembe au michikichi katikati ya pori, ujue palikuwa kijiji cha Watongwe kabla ya hifadhi kuanzishwa mwaka 1985. Kwenye mashamba hayo ya zamani jihadhari na upupu: ganda lake likikauka, vinyweleo vyake hupeperuka vyenyewe. Suruali iingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mkikutana na sokwe, vaeni barakoa, simameni mbali, mita 10 au zaidi, msile wala msiteme mate. Mwenye mafua asipande kabisa, kwa sababu mafua yetu yanawaua.

Karibu mita 1,300 msitu unaachia miombo kwenye migongo ya milima. Hapa kuna mbung'o, nao hupenda nguo nyeusi na za bluu, vaa kaki. Kabla ya kutoka bondeni mwulize askari kijito cha mwisho ni kipi, ujaze hapo lita 4 kwa kila mtu, maana kwenye mgongo wa mlima wakati wa kiangazi usitegemee tone. Lita moja kati ya hizo changanya na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Anayekunywa maji matupu huku anatoka jasho lote hilo ndiye anayeshikwa na mkakamao wa misuli jioni.

Usibebe maharage. Kambini, kwenye mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, utayakokea moto kwa saa nne na bado yatagonga meno. Beba unga, dagaa wakavu, karanga na jiko dogo la gesi, maana kuni za hifadhi si zako. Usiku juu huwa na baridi kuliko ufukweni, na upepo juu yake. Sweta moja halitoshi.

Siku ya pili acha hema na mizigo, panda na maji na koti tu. Unapita mianzi na msitu wa mlimani, kisha nyasi tupu. Nyasi ndefu huficha mawe, kwa hiyo tanguliza fimbo. Kwa Watongwe huu ni mlima wa mizimu: makelele na kuchora majina kwenye mawe havifai. Saa sita muwe mmeshaanza kurudi hemani.

Kushuka ndiko kunakoharibu. Kata kucha za vidole vya miguu kabla hujatoka Kigoma. Kila asubuhi ya kushuka kaa chini, piga kisigino ardhini mpaka mguu urudi nyuma ndani ya kiatu, ndipo ukaze kamba, na ukaze zaidi pale kwenye kifundo. Kidole kikigonga mbele ya kiatu, simama ufunge upya hapohapo. Boti ya kurudi iagize asubuhi ya siku ya nne, si jioni ya siku ya tatu.